Sheria ya Fataki katika Uingereza

Kila mwaka, usiku wa tarehe 5 Novemba, anga la Uingereza hung'aa kwa fataki. Asili yake ni mwaka 1605, Guy Fawkes alipokamatwa chini ya jumba la Bunge pamoja na mapipa 36 ya baruti, ambayo yalikusudiwa kumwua Mfalme James na wabunge wake. Watu waliwasha mioto kwa furaha ya kuokoka kwa Mfalme, na desturi hiyo imedumu.

Walakini fataki ni baruti, na baruti haina mchezo. Hata kijiti cha cheche, ambacho wazazi wengi humpa mtoto bila hofu, joto lake hupita digrii 1,000, yaani mara kumi ya maji yachemkayo. Kwa sababu hii Serikali iliweka sheria, na yawapasa jamaa zetu waliohamia England na Wales wazijue, maana kutojua sheria si udhuru. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Kwanza, mtu asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuwa na fataki mahali pa watu wote, isipokuwa zile ndogo kabisa za kuchezewa nyumbani.

Pili, ni marufuku kuwasha au kutupa fataki barabarani.

Tatu, ni marufuku kuzirusha tangu saa 5 usiku hata saa 1 asubuhi, ili wagonjwa, watoto na wazee wapate usingizi. Tarehe 5 Novemba ruhusa hufika saa 6 usiku. Na usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, Diwali na Mwaka Mpya wa Kichina, hufika saa 7 usiku.

Nne, fataki kubwa za maonyesho ni za mafundi wenye ujuzi tu.

Mwenye kuvunja sheria hizi aweza kutozwa na polisi pauni 90 papo hapo. Akipelekwa mahakamani, aweza kutozwa faini isiyo na kikomo, au kufungwa hadi miezi 6.

Basi, atakaye kufurahi na awashe fataki uani kwake, kwa saa zilizoruhusiwa, na ndoo ya maji iwe karibu. Iliyokataa kulipuka asiirudie. Faini hulipwa ikaisha, lakini jicho lililopofuka halinunuliwi.