Moshi wa ndege waingia kwenye bili ya mgeni wa Kilimanjaro

SHIRIMATUNDA, MOSHI: Mwenye nyumba ya wageni katika kata hii ya Manispaa ya Moshi anapopanga bei za msimu ujao huangalia bei ya gesi, mchele, umeme na thamani ya dola. Sasa kuna kitu cha tano cha kuangalia, nacho hakiuzwi soko la Mbuyuni wala hakimo katika bei elekezi za EWURA. Ni hewa ya ukaa inayotoka katika injini za ndege zinazoleta wageni KIA.

Serikali za Ulaya zimeamua kwamba hewa hiyo iwe na bei. Zimeamua kwa njia tofauti, na kila njia inamgusa mfanyabiashara wa Moshi kwa namna yake. Wengi wanazichanganya, ndiyo maana uvumi wa kwamba "Wazungu wanafunga safari za ndege" husikika kila baada ya muda.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ya ukaa. Kutoka Amsterdam hadi KIA ni kilomita zipatazo 6,900. Kwa ndege kubwa ya kisasa iliyojaa vizuri, kila abiria hutumia takriban lita 200 kwa safari ya upande mmoja, yaani pipa moja. Pipa hilo hutoa karibu nusu tani ya hewa ya ukaa. Msomaji ashike kipimo hicho cha nusu tani kwa kichwa, kwani hesabu zote zinazofuata zinatokana nacho.

Kwa nini wasitoze kodi mafuta yenyewe, kama yanavyotozwa ya gari? Sababu ni ya zamani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulizuia nchi kutoza kodi mafuta yaliyomo ndani ya ndege ya kigeni inapotua, na mikataba ya nchi mbili mbili iliyofuata ikapanua msamaha huo hadi mafuta yanayojazwa uwanjani. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 nayo ikaliachia suala la ndege za kimataifa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kwa hiyo serikali zikatafuta mlango wa nyuma, na mlango huo ni tiketi.

Uingereza ilianza ushuru wa abiria wa ndege mwaka 1994, wakati ule kwa ajili ya kujaza hazina, wala si kwa ajili ya mazingira. Tanzania iko katika kundi la pili la umbali. Kuanzia Aprili 2025 abiria wa daraja la kawaida alitozwa pauni 90, na Aprili 2026 ukapanda kuwa pauni 102. Kupitia Doha au Amsterdam hakumwokoi, kwani tiketi ikiwa moja kinachoangaliwa ni mwisho wa safari. Uholanzi ilitoza euro 29.40 mwaka 2025 kwa kila anayeanzia safari huko, huku anayebadilisha ndege tu akisamehewa.

Wafanyabiashara watafahamu haraka udhaifu wa kodi ya namna hii. Uholanzi iliijaribu mara ya kwanza Julai 2008. Abiria wakavuka mpaka kwenda kupandia ndege Ujerumani, na baada ya mwaka mmoja tu kodi ikafutwa. Ilirudi mwaka 2021. Sweden iliianza Aprili 2018 na kuifuta Julai 2025. Kodi ya tiketi hupanda na kushuka na upepo wa siasa, hivyo anayeweka fedha zake katika vyumba vya wageni hawezi kuichukulia kama gharama ya kudumu.

Njia ya pili inagusa mafuta. Kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2023, Umoja wa Ulaya unawalazimu wauzaji wa mafuta katika viwanja vyake kuchanganya mafuta endelevu, yanayotokana na mabaki kama mafuta yaliyokwisha kukaangia. Kiwango kilianza na asilimia 2 mwaka 2025, kitakuwa asilimia 6 mwaka 2030, 20 mwaka 2035 na 70 mwaka 2050. Aidha, shirika haliruhusiwi kujaza mafuta ya bei nafuu nje ili kukwepa: kwa mwaka mzima, ni lazima lijaze katika kila kiwanja cha Ulaya linachoondokea angalau asilimia 90 ya mafuta ambayo safari za kutoka hapo zinahitaji.

Tuseme mafuta hayo yanauzwa mara tatu ya bei ya kawaida. Kwa asilimia 2, bili ya mafuta inaongezeka asilimia 4. Kwa asilimia 6, inaongezeka asilimia 12. Hapa ndipo KLM, ambayo kwa miaka mingi imeunganisha Amsterdam na KIA moja kwa moja, inapokuwa na mzigo kuliko washindani wake. Anayepitia Addis Ababa, Doha au Istanbul huanza na kipande kinachobanwa na kanuni za Ulaya, lakini kipande cha pili kiko nje yake. Wakala wa Moshi anayetegemea shirika moja tu ana sababu ya kuanza kuzungumza na mengine.

Njia ya tatu ndiyo yenye jina kubwa na gharama ndogo. ICAO ilipitisha mwaka 2016 mpango uitwao CORSIA, ambao unayataka mashirika kununua hati za hewa ya ukaa kwa ajili ya ongezeko la moshi wao. Tangu 2024 kinachohesabiwa ni ongezeko juu ya asilimia 85 ya kiwango cha mwaka 2019. Njia huingia katika mpango pale tu nchi zote mbili zinaposhiriki. Kenya, Uganda na Rwanda zilijitolea tangu mwanzo, mwaka 2021. Awamu ya lazima inaanza 2027, lakini nchi zilizo katika kundi la maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, hazilazimiki.

Tuchukue mfano tu: shirika linatakiwa kufidia sehemu moja kwa tano ya moshi wake, na hati inauzwa dola 20 kwa tani. Kwa nusu tani ya abiria wetu ni dola 2. Ni bei ya soda chache.

Vile videge vidogo vya injini moja vinavyobeba watalii kwenda mbugani havimo kabisa. CORSIA haihesabu safari za ndani ya nchi, wala ndege zenye uzito wa kuruka usiozidi kilo 5,700.

Linaloweza kubadili hesabu ni soko la hati la Ulaya lenyewe. Umoja wa Ulaya uliingiza ndege katika soko hilo mwaka 2012, ukataka na safari ndefu za nje zilipe, kisha mataifa makubwa yakapinga na safari hizo zikasimamishwa. Kama safari za kutoka Ulaya zingerudishwa, kwa euro 70 kwa tani, nusu tani ile ingekuwa euro 35 kwa abiria. Hizo si fedha za soda.

Je, nani ataumia? Mgeni anayelipa zaidi ya dola 1,500 kupanda mlima kwa njia ya Machame hatabaki nyumbani kwa sababu ya euro 35. Atakayesita ni kijana mwenye begi la mgongoni, anayejitolea kufundisha miezi mitatu, anayelala nyumba za wageni za Shirimatunda na kula mama ntilie. Mapato ya kata kama hii yamo zaidi kwa mgeni wa namna hiyo kuliko kwa yule anayetoka KIA moja kwa moja hadi hoteli ya kitalii. Wapagazi wanakaa katikati: idadi ya wapandaji ikipungua kidogo, wao ndio wa kwanza kukosa zamu.

Kahawa haina hofu, inasafiri kwa meli. Maua na mboga za Kilimanjaro na Arusha ndizo zenye hadithi. Mwaka 2007 maduka makubwa ya Uingereza, Tesco na Marks & Spencer, yalianza kubandika picha ya ndege kwenye mboga zilizosafirishwa kwa anga ili mnunuzi aone haya. Mwaka huohuo utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield ulionyesha kwamba waridi la Kenya, pamoja na safari yake ya ndege, lilitoa hewa ya ukaa kidogo mno likilinganishwa na la Uholanzi linalooteshwa kwa joto la gesi. Jua halina bili. Msafirishaji wa maharage machanga anayeulizwa na mnunuzi juu ya ndege anayo haki ya kumuuliza naye juu ya mitambo ya joto.

Kuna na wanaoona faida, na hapo inatakiwa tahadhari. Mwaka 2008 Air New Zealand ilirusha ndege kwa majaribio ikitumia mafuta ya mbono kaburi, ambayo sehemu yake ilitoka Tanzania. Watu wakaambiwa walime mibono. Mradi wa Kisarawe uliokodi zaidi ya hekta 8,000 ulisimama mwaka 2011, na wanavijiji wakabaki bila ajira na bila ardhi. Sasa mazungumzo yamehamia kwenye nyonyo, ambazo Eni inanunua kwa wakulima wa Kenya, na Mei 2023 Kenya Airways ilirusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta endelevu ya Eni. Kabla ya kung'oa mahindi, mkulima aulize mambo mawili: nani amesaini kununua, na kwa bei gani kwa kilo. Kanuni ya Ulaya haihesabu mafuta yatokanayo na mazao ya chakula.

Upande wa hati, Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wamekuwa wakilipwa kwa kutunza misitu yao kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini hati haiingii CORSIA awamu hii bila barua ya serikali inayokubali kutoihesabu tena hewa hiyo kuwa yake. Anayeuziwa "hisa za kaboni" za msitu wa mlimani aombe kuiona barua hiyo.

Tarehe za kufuatilia ni hizi: sheria ya Ulaya iliitaka Kamisheni itathmini CORSIA ifikapo 1 Julai 2026, ambapo safari za kutoka Ulaya zinaweza kupendekezwa kurudishwa kwenye soko la hati kuanzia 2027. Na Kenya, tangu mkutano wa Sevilla wa Juni 2025, imo katika kundi linalotaka abiria wa daraja la juu na ndege binafsi watozwe zaidi. Baadhi ya wateja wa Moshi huingilia Nairobi.