Mgonjwa Anaulizwa au Anaambiwa?

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo mgonjwa wa saratani huziona zikivutana mbele yake. Moja yasema haraka haraka haina baraka; ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 43, niliishi baina ya methali hizo kwa majuma matatu, nikiwa na kinundu katika titi la kushoto na karatasi ya maabara iliyothibitisha kwamba kinundu hicho ni saratani. Sikunuia kuyaandika haya. Ninayaandika kwa sababu ya swali aliloniuliza mama mmoja wodini, swali ambalo kwangu mimi, ninayejipatia riziki kwa kufundisha isimu, lilikuwa fedheha.

Kwanza nieleze lililonifika. Daktari aliyenipa habari hiyo alikuwa mtu mpole na mjuzi wa kazi yake. Alinieleza kwa Kiingereza, kwa muda usiozidi dakika kumi, kwamba ilinibidi kufanyiwa upasuaji. Akataja neno lenye asili ya Kiyunani ambalo maana yake ni kuondoa titi zima, kisha akauliza iwapo Jumatano iliyofuata ingenifaa. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu, ambaye sichoki kuwahimiza wanafunzi wangu waulize maswali, niliitikia kwa kichwa tu. Nilipofika nyumbani mume wangu akataka kujua kama hapakuwa na njia nyingine. Sikuwa na jibu, kwa maana sikuwa nimeuliza.

Jioni hiyo dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka kijijini, akanisihi nisikubali kuguswa na chuma, kwani amesikia kwamba chuma huuamsha ugonjwa ukatapakaa mwilini. Imani hiyo imeenea sana, nayo si ya kweli. Aghalabu wagonjwa wetu hufika hospitalini maradhi yakiwa yamekwisha kuenea. Wafapo baada ya upasuaji, kisu ndicho kinachobebeshwa lawama, ilhali aliyestahili kulaumiwa ni uchelewaji.

Niliomba kuonana na daktari tena, safari hii nikiwa na maswali yangu daftarini. Jambo la kwanza aliloniambia lilinituliza: aina nyingi za saratani ya titi humpa mgonjwa majuma machache ya kutafakari bila ya kumdhuru. Majuma, si miezi. La pili ni kwamba palikuwa na njia mbili.

Njia hizo zina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Kwa miongo mingi iliyofuata, madaktari waliamini kwamba kadiri wanavyokata zaidi ndivyo wanavyookoa zaidi. Isitoshe, ilikuwa desturi mwanamke kulazwa kwa dawa ya usingizi ili kinundu kipimwe, na kikionekana kuwa ni saratani, titi liondolewe papo hapo. Alilala asijue kama ataamka nalo. Mwanahabari Rose Kushner, aliyepatikana na ugonjwa huo mwaka 1974 huko Marekani, aliikataa desturi hiyo, akashikilia kwamba kupima ni jambo moja na kukata ni jambo jingine. Mnamo 1979 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za afya za serikali ya nchi hiyo lilipendekeza mambo hayo mawili yatenganishwe.

Katika miaka hiyo hiyo, Bernard Fisher nchini Marekani na Umberto Veronesi mjini Milan, Italia, walianza kulinganisha njia mbili za upasuaji. Baadhi ya wanawake waliondolewa titi zima; wengine waliondolewa sehemu yenye uvimbe tu, na titi likabaki. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2002, na yalikuwa wazi: waliobaki na titi hawakufa kwa wingi zaidi kuliko walioondolewa lote. Hata hivyo, lipo sharti. Katika utafiti wa Fisher, miongoni mwa wanawake walioondolewa uvimbe pekee, saratani iliwarudia 39 hivi katika kila 100 kwenye titi lile lile. Waliotibiwa pia kwa mionzi, iliwarudia 14 hivi. Kwa hivyo anayehifadhi titi sharti kwa kawaida ajitayarishe kwa tiba ya mionzi, siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Wala njia hii haimfai kila mtu. Uvimbe ukiwa mkubwa kuliko titi linavyoweza kustahimili, au zikiwa saratani kadhaa zilizotawanyika, daktari huenda akashauri titi liondolewe lote.

Baada ya kuyapima hayo, nilichagua kuondolewa sehemu na kupewa mionzi. Naishi Nairobi, na hospitali yenye mashine haiko mbali nami.

Siku moja kabla ya upasuaji nililazwa karibu na mama aliyetoka upande wa Kitui, mwenye ugonjwa kama wangu. Muuguzi alikuwa amemwachia fomu ya idhini, kurasa mbili za Kiingereza. "Mwanangu," akaniita, "hebu nisomee. Nimeambiwa nitie sahihi hapa chini." Nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Nilipofika palipoandikwa kwamba mgonjwa ameelezwa tiba nyinginezo na amekubali kwa hiari yake, alinishika mkono.

"Kumbe nilikuwa naulizwa?" akasema. "Mimi nilidhani naambiwa."

Niliona haya. Kwa miaka mingi nimewaeleza wanafunzi tofauti ya kuuliza na kuambia kana kwamba ni suala la sarufi tu. Hata neno tunalolitumia katika fomu hizo lastahili kuangaliwa upya. Idhini ni ruhusa, na mtu aweza kutoa ruhusa huku moyo wake haumo. Ridhaa ni neno jingine. Limezaliwa pamoja na radhi, na mtu hawezi kuwa radhi na jambo asilolielewa.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, kumweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Wala Kiswahili hakikosi maneno. Tunayo titi, kinundu, uvimbe, upasuaji, mionzi na tezi za kwapani. Asubuhi yake mpasuaji alipopita, mama yule alimuuliza kwa Kiswahili kama angeweza kubaki na titi. Daktari akaketi kando ya kitanda akamweleza yote, kwa Kiswahili fasaha. Alikuwa nacho muda wote. Hakuna aliyekuwa amekidai.

Mama alifikiri hadi adhuhuri. Kisha akachagua liondolewe lote. Hakuwa na jamaa Nairobi wa kumpa malazi kwa majuma ya mionzi, na wajukuu aliwaacha na jirani. Daktari alimtahadharisha kwamba mionzi ingeweza kuhitajika hata hivyo, iwapo tezi za kwapani zingepatikana na saratani. Akasema amesikia, akatia sahihi. Titi aliloondolewa ni lile lile ambalo lingeondolewa hata kama sikumsomea fomu, lakini sasa uamuzi ulikuwa wake.

Msomaji mpendwa, saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya miongoni mwa saratani zote. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mada ya insha, na awaambie wanafunzi wake wamweleze nyanya asiyejua Kiingereza maana ya upasuaji. Na mwanafunzi atakayemsindikiza mamake hospitalini, asione haya kuuliza: Je, kuna njia nyingine? Kila njia ina faida na hasara gani? Baada ya upasuaji kuna tiba gani, wapi, kwa muda gani? Tuna siku ngapi za kufikiri?

Mimi ningali naenda kupimwa kila mwaka. Yule mama tuliagana siku aliporuhusiwa kwenda kwao, akanishukuru kwa kumsomea. Sikuona kama nilistahili shukrani hizo. Kazi ile haikufaa kumngoja mgonjwa mwenzake.