Uchachu wa Jacquère: Mvinyo Mweupe Uliozaliwa Kwenye Kifusi cha Mlima

Ukionja mvinyo wa zabibu ya Jacquère, mate ndiyo huwahi kabla ya harufu na utamu. Ubaridi unapita ulimini, pembe za taya zinakaza, na mdomo unajaa maji. Hapo ndipo pua inapozinduka: limau, tufaa bichi, maua meupe, na kitu kingine kinachofanana na jiwe lililoloweshwa. Rangi yake ni hafifu, yenye dalili ya kijani pembeni mwa glasi. Kileo ni kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 11.5.

Mvinyo huu unatoka Savoie, mashariki mwa Ufaransa, chini ya milima ya Alps. Jacquère imeshika karibu nusu ya mashamba ya mizabibu ya mkoa huo, lakini ukivuka mipaka yake ni wachache wanaoijua, hata miongoni mwa wapenzi wa mvinyo. Chupa nyingi hupatikana hukohuko kwa chini ya euro 10. Wako wanaouita mwepesi kwa nia ya kuushusha hadhi. Mimi nauhesabu miongoni mwa mivinyo iliyo wazi kuliko yote: hakuna harufu ya pipa la mwaloni, hakuna sukari iliyobaki kuficha kitu, na karibu kila unachokihisi kina chanzo unachoweza kukifuatilia.

Tuanze na hayo mate. Asidi ikiwa kwenye maji huachia protoni, yaani haidrojeni yenye chaji chanya. Kwenye vinundu vya ladha ulimini kuna seli zenye vijia vya protini ambavyo protoni hizo hupita kuingia ndani, na seli ikishazipokea hupeleka habari ubongoni. Kijia chenyewe kilitafutwa kwa miaka mingi. Mwaka 2018 maabara ya Emily Liman katika Chuo Kikuu cha Southern California ilionyesha kwamba protini iitwayo OTOP1 hupitisha protoni, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba panya wasio na protini hiyo hudhoofika sana katika kuhisi uchachu. Ubongo ukishapata habari, huamuru tezi zimwage mate ya kuizimua asidi. Ndiyo sababu mvinyo mchachu hukata kiu namna ambayo mvinyo mzito hauwezi.

Ndani ya zabibu kuna asidi kuu mbili. Ya kwanza ni asidi ya tartariki, ileile inayoupa ukwaju ukali wake. Matunda yenye asidi hii kwa wingi ni machache sana. Ya pili ni asidi ya maliki, ambayo ndiyo kubwa katika tufaa. Zabibu ikiwa changa hujilimbikizia zote mbili. Inapoanza kulainika na kujaza sukari, mambo hubadilika: asidi ya tartariki hubaki karibu ilivyo, lakini ile ya maliki tunda huanza kuiunguza lipate nguvu. Kasi ya kuiunguza hutegemea joto. Usiku wa joto huimaliza haraka, usiku wa baridi huiacha.

Hapo ndipo mlima unapoingia kwenye glasi. Kwa wastani hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mashamba ya Jacquère hayako juu sana, mengi ni ya mita mia tatu hadi mia tano hivi kutoka usawa wa bahari, lakini yamezungukwa na milima, na jua likizama hewa nzito ya baridi huteremka kutoka huko. Jacquère yenyewe huchelewa kuiva, kwa hiyo siku zake za mwisho mtini huangukia majira ambayo usiku umekwisha kuwa wa baridi. Asidi ya maliki hubaki, na sukari haipandi sana. Hamira huhitaji takriban gramu 17 za sukari katika kila lita ili kutoa asilimia moja ya kileo. Zabibu yenye sukari ya wastani haiwezi kutoa mvinyo mkali.

Ardhi yenyewe ina historia ya kutisha. Juu ya mashamba ya Apremont na Abymes, kusini mwa mji wa Chambéry, umesimama Mont Granier, mlima wa mita 1,933 wenye ukuta wa mwamba ulio wima upande wa kaskazini. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Novemba 1248 sehemu ya mlima huo iliporomoka. Mwamba mgumu wa chokaa ulikuwa umekaa juu ya matabaka laini ya udongo wa mfinyanzi wenye chokaa. Matabaka yale yalipolegea, mzigo wa juu uliteleza. Kifusi kilienea kilomita kadhaa bondeni na kufukia vijiji pamoja na watu, wanaokadiriwa kuwa zaidi ya elfu moja. Simulizi za wenyeji zinasema mawe yalisimama mlangoni mwa kanisa dogo la Bikira Maria huko Myans, na mahujaji bado huenda pale. Mlima haujatulia: mwaka 2016 vipande vikubwa vilianguka tena.

Mizabibu ya leo imepandwa juu ya kifusi hicho. Maji hayatuami kwenye mawe, rutuba ni haba, na mteremko huupa mmea jua la kutosha. Mkulima anayetaka mahindi angepahama, lakini mzabibu unaridhika.

Ni rahisi basi kudhani kwamba ile ladha ya jiwe ni chokaa ya Granier iliyopanda kupitia mizizi. Sikubaliani na dhana hiyo, japo inavutia. Mizizi hainyonyi mwamba. Hunyonya maji yenye chumvichumvi zilizoyeyuka, kama potasiamu, na kiasi kinachofika kwenye mvinyo hakitoshi kuupa ladha ya mwamba. Mawe yenyewe hayana ladha, kwa kuwa hayayeyuki kwenye mate. Hata harufu tuipendayo ya mvua ya kwanza ardhini haitoki ndani ya jiwe: mwaka 1964 Isabel Joy Bear na Richard Thomas, watafiti wa Australia, walieleza katika jarida la Nature kwamba mafuta kutoka mimea hujikusanya kwenye mawe na udongo mkavu, kisha unyevu huyaachilia hewani. Katika mvinyo, hisia hiyo ya jiwe huenda inatokana na asidi nyingi, matunda yasiyopiga kelele, na kemikali za salfa zinazozaliwa hamira inapofanya kazi. Mlima unafanya kazi yake kwa baridi, maji na mwanga, na kwangu hiyo ni habari nzuri kuliko hadithi ya mawe yaliyoyeyuka.

Kuhusu bei, hakuna muujiza. Jacquère huzaa sana. Mvinyo wake huchachushwa kwenye matangi, hauhitaji mapipa ya gharama, na huuzwa mapema, mara nyingi majira ya kuchipua yanayofuata mavuno. Watengenezaji wengine huuacha juu ya mashapo ya hamira na kuutia chupani ungali na kabonidioksidi kidogo, ule mchomo mdogo unaousikia kwenye ncha ya ulimi. Nasaba nayo haikuipa jina. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba mzazi wake mmoja ni Gouais Blanc, zabibu ya wakulima wa kawaida ambayo watawala walijaribu mara kadhaa kuipiga marufuku, na ambayo pia ni mzazi wa Chardonnay maarufu.

Sasa milima ya Alps imepata joto la takriban nyuzi 2 tangu mwishoni mwa karne ya 19, karibu mara mbili ya wastani wa dunia. Sehemu nyingi za Ulaya zinahangaika na zabibu zenye sukari kupita kiasi na asidi iliyopungua. Zabibu iliyodharauliwa kwa wembamba wake ina thamani mpya hapo.

Uonje ukiwa na nyuzi 8 hadi 10. Ukiwa baridi zaidi, harufu hazipati nguvu ya kupaa. Huko Savoie hunywewa na jibini iliyoyeyushwa chunguni, na mvinyo huohuo hutiwa ndani ya chungu pia. Protini za jibini zimeshikamanishwa na kalsiamu; joto likizidi hujikunja kuwa mabonge na mafuta hujitenga. Asidi ya tartariki huishika kalsiamu, protini zikalegea, na mchuzi ukawa laini. Mpishi mwenye mvinyo wa asidi haba hulazimika kukamulia limau ili jibini isikatike. Mwenye chupa ya Apremont humimina tu, na kinachobaki hukigawa mezani.