Katika Kasri la Versailles tulikuta habari za Kalenga

Mwendo wa treni kutoka katikati ya Paris hadi mji wa Versailles hauzidi saa moja, na kutoka stesheni mgeni hutembea kwa miguu mpaka langoni. Sisi tulifika asubuhi, siku ambayo chemchemi za bustani zilikuwa zifunguliwe, nasi tulikuwa tumeshauriwa tuanzie nje kabla umati haujawa mkubwa. Ushauri huo ulikuwa mwema, kwani kasri hili halieleweki vema ila kwa yule aliyekwisha kuyaona maji yake.

Yafaa kwanza tueleze asili ya mahali penyewe. Mnamo mwaka 1623 Mfalme Louis XIII alijijengea hapa nyumba ndogo ya kulala aendapo kuwinda. Mwanawe, Louis XIV, aliyejichagulia jua kuwa nembo yake, alianza kuipanua nyumba hiyo mwaka 1661, na tarehe 6 Mei 1682 akahamishia hapa baraza lake pamoja na serikali yote. Majengo yalisimamiwa na Louis Le Vau na baadaye Jules Hardouin-Mansart. Bustani ilipangwa na André Le Nôtre. Kazi yao ni mfano mashuhuri wa mtindo uitwao Baroki, mtindo upendao ukubwa, dhahabu, na kila jambo la kumfanya mtazamaji ajione mdogo.

Mfalme mwenyewe aliandika kwa mkono wake maelekezo ya namna ya kuitembelea bustani: utoke mlango gani, usimame wapi, utazame nini. Tulijaribu kumtii. Tukasimama juu ya ngazi, na macho yetu yakateremka moja kwa moja, pasipo kizuizi, hadi Mfereji Mkuu, ambao urefu wake wapita kilometa moja na nusu. Miti kulia na kushoto imekatwa ikawa kama kuta. Kwa mtu aliyelelewa kwenye shamba la migomba, ambamo kila mmea huota upendavyo, utii wa miti hii hutia mshangao, na pengine huruma kidogo.

Chini ya ngazi ipo chemchemi ya Latona. Hadithi yake ni ya Wayunani wa kale. Latona, mama yake Apollo, alikuwa na kiu, akawaomba wakulima wa nchi ya Lisia maji ya ziwa lao. Wale wakulima wakamnyima, wakayatibua kwa miguu yao. Adhabu yao ilikuwa kugeuzwa vyura. Nao wapo pale hata leo, wamepakwa rangi ya dhahabu, wengine nusu watu nusu vyura, wakitema maji juu kuelekea kwa yule mama. Saa ilipofika muziki ukaanza kupigwa, bilula zikafunguliwa, na watoto waliokuwa karibu nasi wakapiga makelele ya furaha.

Lakini maji hayo yalitoka wapi? Versailles haina mto wa kutosha, na palikuwa mahali pa vinamasi. Mafundi walichimba mabwawa na mifereji katika nchi yote ya jirani, na bado hayakutosha. Ndipo ulipojengwa mtambo wa Marly kando ya Mto Seine, uliozinduliwa mwaka 1684: magurudumu 14 makubwa yakizungushwa na mto, na pampu zaidi ya 200 zilizopandisha maji mlimani kwa zaidi ya meta 150. Ulikuwa miongoni mwa maajabu ya ufundi wa karne ile, lakini haukukata kiu ya bustani. Chemchemi zote hazikuweza kufunguliwa pamoja. Mfalme alipotembea, mafundi walipigiana filimbi: chemchemi aliyoikaribia hufunguliwa, aliyoiacha nyuma hufungwa. Hivyo yeye hakuona kamwe chemchemi iliyokauka.

Mwaka 1685 ikaamriwa Mto Eure, ulio mbali sana, uletwe Versailles kwa mfereji. Watu wapatao 30,000, wengi wao askari, walipelekwa kuchimba na kujenga daraja la kupitishia maji mahali paitwapo Maintenon. Homa za vinamasi na ajali ziliwaua wengi. Vita vilipozuka mwaka 1688 kazi ikaachwa, wala halikufika Versailles hata tone moja la Mto Eure. Matao ya Maintenon bado yamesimama, yakiwa magofu. Wakulima wa Lisia waligeuzwa vyura kwa kunyima maji. Hawa wa Maintenon hawakumnyima mtu.

Tulipita upesi kwenye bustani ya michungwa, ambako miti zaidi ya elfu moja, pamoja na mitende, imepandwa katika masanduku ili iingizwe ndani wakati wa baridi kama ng'ombe waingizwavyo zizini. Kisha tukaingia kasrini.

Kuhusu vyumba hatutasema mengi. Marumaru, hariri na dhahabu huchosha macho baada ya saa moja. Tulionyeshwa vyumba vya Malkia, ambavyo umati wa watu wa Paris ulivivamia alfajiri ya tarehe 6 Oktoba 1789, baada ya maelfu ya wanawake kuja kwa miguu kudai mkate. Siku hiyo hiyo mfalme na jamaa yake walichukuliwa Paris, na kasri halikuwa tena makao ya serikali ya kifalme.

Tulipofika katika Ukumbi wa Vioo ndipo tulipokawia. Urefu wake ni meta 73; madirisha 17 yanaitazama bustani, na mkabala nayo yapo matao 17 yenye vioo 357. Darini, Charles Le Brun alichora matendo na ushindi wa Louis XIV. Chini ya picha hizo, tarehe 28 Juni 1919, ulitiwa sahihi mkataba uliofunga vita na Ujerumani. Wajerumani wawili waliotia sahihi ni Hermann Müller na Johannes Bell, na huyu Bell alikuwa ndiye waziri wa makoloni.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kusimama hapa kidogo. Kwa Kifungu cha 119 Ujerumani iliacha makoloni yake yote, na mataifa yaliyoshinda yakagawana yenyewe kwa yenyewe: Tanganyika ikashikwa na Uingereza, Rwanda na Burundi zikawekwa mikononi mwa Ubelgiji, na pembe ya Kionga, kusini ya Mto Ruvuma, ikaenda kwa Wareno. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, hawakuwa na msemaji ukumbini.

Hata hivyo jina moja la kwetu liliingia. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani, katika muda wa miezi sita, irudishe Msahafu wa Khalifa Othman kwa Mfalme wa Hejaz, na kuikabidhi Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Huyu ndiye mtawala wa Wahehe aliyekishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Miezi sita ikapita, ikapita na miaka 35. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alileta fuvu kutoka makumbusho ya Bremen, akalikabidhi Kalenga, karibu na Iringa, kwa mjukuu wa marehemu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Limehifadhiwa huko Kalenga, katika nyumba ndogo ya makumbusho, ndani ya sanduku la kioo.

Tulimwuliza mwongozaji wetu kama wageni huulizia habari za kifungu hicho. Alifikiri kidogo, akatoa kalamu na daftari lake, akatuomba tumwandikie jina hilo herufi kwa herufi.