Nimekula mikoa minne, mgebuka wa Karema kiboko!

Mwenzenu mwaka 2024 nimekula hotelini kuliko miaka yote niliyoishi duniani. Msianze kunifikiria vibaya. Sikuokota burungutu la noti, wala sikukimbiwa na mke. Nilikuwa nahangaika kutafuta pa kuuzia mchele, na mtu anayezunguka na magunia ya mchele, ajabu ya Mungu, huwa hana hata sufuria ya kuupikia. Anakula kwa mama ntilie.

Mie ni mtu wa Mwamkulu, huku Mpanda. Asiyepajua basi ajue kuwa ni bonde la mpunga, na ikifika mwezi wa tano mpaka wa saba kila mwenye baiskeli kabeba kiroba. Kazi yangu ni kununua mpunga, kuukoboa mashineni, kisha nadandia fuso la watu na magunia yangu mpaka Karema, ziwani. Kule nashusha mchele, napakia dagaa na migebuka, narudi Mpanda. Mchele kwenda, samaki kurudi. Hivyo ndivyo watoto wanavyosoma.

Sasa tarehe 15 Mei, 2024, Ziwa Tanganyika likafungwa. Hakuna kuvua mpaka tarehe 15 Agosti. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana lipumzishwe, samaki wapate kuzaana. Jambo la maana, sikatai. Samaki walikuwa wamepungua, na hata mie niliona migebuka wengine wa siku hizi hawazidi urefu wa kijiko cha chai. Lakini jamani, mwezi wa tano si ndio mpunga wetu unaingia? Mchele umejaa mpaka unamwagika, na mteja wangu ambaye ni mvuvi kakaa chini ya mwembe anacheza bao, mfukoni hana kitu.

Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu, hata nyumbani. Mwezi wa nne nilimwachia mama mmoja wa Karema magunia manne kwa mkopo. Huyu ni mama ntilie wangu wa siku nyingi, anapika karibu na mwalo. Hatukuandikishana popote. Magunia manne kwangu ni nusu ya mtaji. Ziwa limefungwa, wavuvi hawali, mama hauzi. Hesabu hiyo niliipiga usiku kitandani, usingizi ukaruka.

Basi, nikageuza gari. Kwanza Tabora.

Siku hizi barabara ni lami, si kama zamani tulipokuwa tunakesha kwenye treni ya kutoka Mpanda kwenda Kaliua, reli iliyojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. (Ile treni ilikuwa na raha yake. Kila stesheni unanunuliwa kupitia dirishani, kuku, mahindi, asali, mpaka unafika umeshiba na umefilisika.) Tabora mchele wangu haukuwa na soko la maana, maana wao wenyewe wanalima. Lakini nilikula nsansa! Haya ni majani ya kunde yaliyochemshwa, yakaanikwa juani, halafu yanapikwa kwa karanga za kutwanga. Rangi yake haivutii hata kidogo, ukiletewa unaweza kudhani umechezewa. Onja sasa. Ule ugali nilimaliza, nikaongeza, nikamkuta mwenye kibanda ananicheka.

Alinicheka pia asubuhi yake. Niliagiza chai na michembe, akaniuliza, "Michembe au matobolwa, baba?" Nikasema si ndiyo hiyo hiyo? Weee! Kibanda kizima kikageuka. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Michembe vinakatwa na kuanikwa vibichi. Ukivichanganya mbele ya Mnyamwezi ujue umejitangaza kuwa mgeni. Matobolwa na chai ya maziwa nayaweka nafasi ya tatu katika vyakula vyangu vya mwaka ule.

Kutoka hapo nikaenda Kigoma, mwisho wa reli. Huko ndiko nilikoona kufungwa kwa ziwa kuna sura gani. Unaingia hotelini, ubaoni bado wameandika mgebuka, kuhe, dagaa, lakini mhudumu anakwambia kabla hujakaa, "Samaki hakuna." Sato wa kutoka Mwanza walikuwepo kwenye barafu, ila bei yake unaisoma ukiwa umesimama, unaondoka.

Nikala sombe. Yaani kisamvu kilichotwangwa kikalainika, kikapikwa na mawese mpaka mafuta yakapanda juu, pembeni maharage nayo ya mawese, na ugali wa muhogo ule unaovutika kama ubani wa kutafuna. Shati langu jeupe lina doa la mawese mpaka leo, mke wangu kalifua mpaka kachoka. Nafasi ya pili hiyo, bila ubishi.

Lakini Kigoma nusura niaibike. Mama mmoja mwenye hoteli alikubali kujaribu mchele wangu, kilo tano. Akapika. Saa saba wateja wamekaa, wali umeletwa, ni bokoboko tupu! Akaniita jikoni kwa jicho lile mnalolijua. Nikamuuliza maji kaweka kiasi gani. Kumbe kaweka kipimo cha mchele wa siku zote. Mchele mpya, dada yangu, umetoka shambani juzi, bado una unyevu ndani yake, maji unapunguza. Nikavua shati, nikapika sufuria ya pili mwenyewe, moto mdogo, mkaa juu ya mfuniko. Ubwabwa ukatoka punje moja moja, harufu imejaa mpaka barabarani, maana ulikuwa supa, sio saro. Mimi saro siisemi vibaya, inazaa sana na wakulima wetu wengi wamehamia huko. Lakini kwa harufu, supa ni supa. Yule mama alichukua magunia sita, fedha taslimu. Siku hiyo nililala.

Mwezi wa saba nikaenda Sumbawanga. Baridi ya Ufipa mwezi wa saba haina adabu. Huko dawa yake ni ugali wa ulezi, mweusi, mzito, unaukuta bado unafuka, na maharage. Ukila huo mchana, usiku huulizi habari za chakula. Sokoni nikakutana na chikanda, kile kitu kinachokatwa vipande kama soseji nene, kinatengenezwa kwa mizizi ya maua fulani ya porini pamoja na karanga. Nilikula kipande kimoja, nikashukuru. Wapenzi wake wanisamehe, lakini mie sikuelewa. Na kwa kweli mizizi hiyo imechimbwa sana nyanda za juu. Kule Kitulo, ambako maua hayo yamejaa, serikali ilipatangaza hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kuchimbwa huko kulikuwa sababu mojawapo.

Chakula kibaya kuliko vyote nilikula njiani, chips mayai, mahali nisipopataja. Mafuta yalikuwa na umri wa kupiga kura. Tuishie hapo.

Wakati wa kurudi gari likasimama Sitalike, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Chai, chapati mbili, huku mbung'o waliotufuata ndani ya basi wakiendelea kutuuma. Chini mtoni viboko wamelala wamerundikana, maana kiangazi Mto Katuma unabaki madimbwi. Nikiwa na chapati mkononi nikakumbuka kwamba maji ya mto huo huo ndiyo sisi wa huku juu tunayoyaingiza kwenye majaruba ya mpunga. Yule kiboko mkubwa alinitazama kama mtu ninayemdai. Au anayenidai.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti, ziwa likafunguliwa. Nikataka kukimbia siku hiyo hiyo, dereva wa fuso akanizuia. "Angalia juu," akasema. Mwezi! Ulijaa tarehe 19. Kule wavuvi wanavua usiku kwa taa, samaki anaifuata taa, sasa mbalamwezi ikiwaka ziwa zima hiyo taa yako atakayeifuata ni nani? Miezi mitatu vijana wamengoja, halafu ziwa linafunguliwa na mwezi unawacheka. Nikangoja giza. Nilishuka Karema siku za mwisho za Agosti, moyo uko mdomoni.

Moshi niliuona kwa mbali. Jiko la mama linawaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulidhani nimekula magunia yako?"

Niseme nini? Nilicheka tu. Akaingia ndani akatoka na daftari la shule, lile la kurasa 64. Kumbe miezi yote ile hakufunga jiko. Wale vijana wa mitumbwi ambao hawana kwao Karema, waliokaa kungoja ziwa, aliwalisha kwa mkopo. Mchele wangu na maharage yake. Kila sahani kaiwekea mstari, mistari mitano kaifunga kama mzigo wa kuni. Nilifunua kurasa, ni mistari mitupu. Na tangu giza liingie walikuwa wanalipa, sio kwa hela, kwa samaki. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vichanja vimejaa migebuka na dagaa wanakauka.

Tukapiga hesabu. Samaki wale walitosha magunia matatu. La nne lilikuwa bado, kijana mmoja kaenda kulima mbali na mwingine kavuka ng'ambo.

Kisha akaniambia nikae nile. Mgebuka wa usiku ule ule, kabanikwa kwanza juu ya mkaa mpaka ngozi imekakamaa, ndipo kaingizwa kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu, mawese kijiko kimoja tu, ndimu kakamulia mwishoni. Na wali ulikuwa wa Mwamkulu, wa mkungu wa mwisho wa gunia langu, umeshakomaa stoo, hauhitaji kubembelezwa na maji. Nyama ya mgebuka ina mafuta yake yenyewe, ukiibonyeza kidogo inaachia mwiba. Kichwa alinipa mimi. Sikuongea mpaka nilipofika kwenye mifupa.

Nafasi ya kwanza. Sahani shilingi elfu tatu, akakataa kuipokea.

Gunia la nne aliniambia nilifuate giza la mwezi wa kumi. Nilienda, nikalipwa nusu. Nikala tena.