Hataza za Programu za Simu: Ni Lini Jambo Huwa "Dhahiri"?

Watahiniwa wengi hupoteza alama kwenye maswali ya miliki bunifu kwa sababu hukariri fasili na kuishia hapo. Mtahiniwa anaandika kwamba hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ili mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi wake bila ruhusa kwa muda maalumu, kisha anaweka nukta. Fasili hiyo ni sahihi. Lakini swali likimtaka ajadili kwa nini kampuni mbili kubwa zilishtakiana miaka mingi kuhusu namna ya kufungua simu kwa kidole, hana la kusema. Katika sehemu hii tutaipitia kesi hiyo, ya Apple na Samsung, pamoja na kesi nyingine mbili za Ulaya zilizohusu jambo lilelile. Ukiielewa hii, nyingine za aina yake hazitakusumbua.

Vigezo, na kile chenye ugomvi

Nchi nyingi, zetu za Afrika Mashariki zikiwemo, hudai mambo matatu kabla ya kutoa hataza: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Upya hupimwa kwa urahisi. Unatafuta kama kitu hichohicho, kilivyo, kiliwahi kutangazwa au kuuzwa kabla ya tarehe ya ombi. Kama kiliwahi, ombi limekufa. Kigezo cha tatu nacho hakileti mabishano mengi. Mabishano yako kwenye kile cha katikati.

Hatua ya uvumbuzi maana yake ni kwamba jambo lisiwe dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani husika. Maneno hayo yapo katika sheria ya Marekani na pia katika Mkataba wa Hataza wa Ulaya, kwa namna zinazokaribiana sana. Yasome polepole, maana kila sehemu yake ina uzito. Huyo "mtu mwenye ujuzi wa kawaida" hayupo kwa jina wala sura. Ni mtu wa kufikirika tu. Katika kesi ya simu, si wewe mtumiaji, si fundi wa Kariakoo anayebadilisha vioo, wala si profesa bingwa. Ni mbunifu wa kawaida wa programu na vioo vya kugusa, anayejua yale ambayo wenzake wanayajua. Na huulizwa alikuwa anaona nini siku ombi lilipowasilishwa, si leo.

Suala la tarehe ndilo linalosahaulika zaidi. Kitendawili kikishateguliwa, kila mtu huona kilikuwa rahisi. Wewe mwenyewe unalijua hili: ukifungua majibu nyuma ya kitabu kabla ya kukokotoa, hesabu inaonekana nyepesi, na unajidanganya kwamba ungeifanya. Mahakama nazo zinaogopa kudanganyika hivyo, kwa sababu jaji hupelekewa uvumbuzi ukiwa umeshakuwa kitu cha kila siku mikononi mwa watu.

Usichanganye hataza na hakimiliki

Hapa ni lazima tutue kidogo, maana kosa hili ni la mara kwa mara. Hakimiliki hulinda programu jinsi ilivyoandikwa, kama inavyolinda riwaya. Ukikaa na kompyuta yako ukaandika programu yako mwenyewe kutoka mwanzo, bila kunakili mstari wowote wa mwingine, huvunji hakimiliki ya mtu. Hataza ni jambo lingine. Hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Kwa hiyo kijana aliyeandika kila mstari kwa mkono wake, na hata hajawahi kusikia habari za mwenye hataza, bado anaweza kuonekana amekiuka hataza hiyo katika nchi ambako imesajiliwa, ikiwa programu yake inafanya kazi kwa namna iliyokingwa. Ndiyo maana mpaka wa "dhahiri" una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mpaka ukilegezwa mno, mambo madogo ambayo kila mbunifu angeyafikia yanapata mwenyewe, na wengine wote wanalipa au wanazunguka. Ukikazwa mno, aliyetumia fedha na miaka kutafuta njia nzuri anaona wenzake wakiichukua bure asubuhi ya pili.

Ulaya inaongeza ugumu mwingine: chini ya mkataba wake, programu ya kompyuta kwa yenyewe haihesabiwi kuwa uvumbuzi. Waombaji huko hulazimika kuonyesha kwamba kuna tatizo la kiufundi linalotatuliwa. Marekani imekuwa na mlango mpana zaidi. Lakini katika kesi yetu hoja iliyoamua mambo pande zote mbili ilikuwa ile ya udhahiri.

Kidole kinachoteleza

Simu ya mfukoni ina tatizo la kujibonyeza yenyewe. Simu za vitufe zilikuwa nalo, na dawa yake ilikuwa kubonyeza vitufe viwili kwa mpangilio. Simu yenye kioo cha kugusa kitupu inafungwaje ili isipige namba ya mtu bila wewe kukusudia, na bado ifunguke kwa urahisi unapoitaka?

Desemba 2005 Apple iliwasilisha ombi la hataza lenye jibu lake. Kioo kinaonyesha picha ndogo mahali maalumu. Unaigusa picha hiyo, unaiburuta bila kuinua kidole, nayo inafuata kidole hadi sehemu iliyopangwa. Ikifika, simu inafunguka. Januari 2007 Steve Jobs aliionyesha iPhone jukwaani San Francisco, na alipotelezesha kidole hadhira ilishangilia. Ikumbuke shangwe hiyo, tutaikuta tena mahakamani. Mojawapo ya hataza za Marekani zilizotokana na ombi hilo, namba 8,046,721, ilitolewa Oktoba 2011.

Sasa upande wa pili. Kabla ya Desemba 2005 kampuni ndogo ya Sweden iitwayo Neonode ilikuwa na simu yake ya kugusa, N1. Mwongozo wake ulimweleza mtumiaji abonyeze kitufe cha kuwasha, kisha maandishi yatatokea kwenye kioo yakimtaka atelezeshe kidole kwenda kulia, na simu itafunguka. Kilichokosekana ni kimoja: hapakuwa na picha inayotembea pamoja na kidole.

Weka kalamu chini ufikirie kabla ya kuendelea. Je, Apple inafaulu kigezo cha upya? Ndiyo, maana Neonode haikuwa na picha ile, na kitu kisichofanana kabisa hakiui upya. Linabaki swali moja tu: kuongeza picha inayofuata kidole juu ya njia ya Neonode lilikuwa jambo dhahiri au la?

Majibu matatu

London ilijibu kwanza. Julai 2012, katika shauri kati ya HTC ya Taiwan na Apple, Jaji Floyd wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hataza ya Ulaya ya kutelezesha kidole ni batili. Hoja yake inafuatika vizuri. Mtumiaji wa Neonode anatelezesha kidole bila kuona kitu kinachomwonyesha kama anafanya sawasawa. Mbunifu wa kawaida angetaka kumpa ishara ya kuona. Na vitelezi vya kuburuta kwenye kioo vilikuwa tayari vimezoeleka katika programu za wakati huo. Kuchukua kitelezi kinachojulikana na kukiweka mahali kinapohitajika si uvumbuzi.

Ujerumani ilifika palepale. Mahakama yake ya hataza iliibatilisha mwaka 2013, na Agosti 2015 mahakama kuu ya nchi hiyo kwa kesi za aina hii, iliyoko Karlsruhe, ikakubaliana nayo.

Marekani safari ilikuwa ya milima na mabonde. Mei 2014 huko San Jose, California, baraza la raia wa kawaida, ambalo katika kesi za huko ndilo linaloamua ukweli wa mambo, lilisema hataza ni halali na kwamba baadhi ya simu za Samsung ziliikiuka. Samsung iliamriwa kulipa takriban dola milioni 119.6 kwa hataza tatu. Sehemu kubwa, zaidi ya dola milioni 98, ilihusu hataza nyingine, inayoifanya namba ya simu iliyo ndani ya ujumbe iweze kuguswa na kupigwa. Kutelezesha kidole peke yake kulipewa chini ya milioni 3. Ukiandika kwenye mtihani kwamba Samsung ilitozwa milioni 119.6 kwa kutelezesha kidole, umekosea.

Samsung ilikata rufaa ikiwa na vielelezo viwili: Neonode, na kazi ya utafiti ya mwaka 1992 kuhusu swichi za kwenye vioo vya kugusa, ikiwemo swichi ya kuburuta kwa kidole. Februari 2016 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani ya Shirikisho walikubali: unganisha viwili hivyo unapata hataza ya Apple, na mbunifu wa kawaida angeviunganisha. Hataza ikaanguka.

Haikukaa chini. Oktoba 2016 mahakama hiyohiyo, safari hii majaji wake wakiketi kwa wingi, iliirudisha kwa kura 8 dhidi ya 3. Novemba 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri, na mambo yakaishia hapo.

Walitofautiana wapi hasa

Hapa ndipo penye alama nyingi, na ndipo watahiniwa wanapoandika "mahakama zilitofautiana" wakahamia swali lingine. Eleza zilitofautiana kuhusu nini.

Kwanza, kuunganisha. Hakuna aliyebisha kwamba kila kipande kilikuwepo. Walibishania kama mbunifu wa kawaida angekuwa na sababu ya kuviweka pamoja. Upande wa Apple ulisema utafiti wa 1992 ulihusu vioo vinavyobandikwa ukutani kwa ajili ya kuendesha vifaa vya nyumba na ofisi. Mtu anayetafuta dawa ya simu inayojipigia mfukoni hawezi kwenda kuangalia ukutani. Tena utafiti wenyewe ulionyesha watumiaji walipendelea kubonyeza kuliko kuburuta. Upande wa Samsung ulijibu kwamba kioo cha kugusa ni kioo cha kugusa, na mbunifu hujifunza popote kioo kilipo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshatoa mwongozo mwaka 2007, katika kesi ya kanyagio la gari lililofungwa kihisi cha umeme: kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia inayojulikana, na kupata matokeo yanayotabirika, kwa kawaida ni jambo dhahiri. Neno "kwa kawaida" ndilo linaloacha mlango wazi.

Pili, ushahidi wa nje. Majaji 8 walitoa uzito kwa mambo ambayo hayamo kwenye michoro ya hataza: je, tatizo lilikuwa limewasumbua watu kwa muda mrefu? Wenye fani waliusifu uvumbuzi? Washindani waliuiga? Ndipo ile shangwe ya San Francisco ilipoingia kama kielelezo, pamoja na nyaraka za ndani za Samsung zilizosifu njia ya Apple. Mantiki yake ni hii: kama jambo lilikuwa dhahiri, kwa nini watu wa kazi hiyohiyo walishangaa? Hoja hii ni kinga nzuri dhidi ya ule ujanja wa kitendawili kilichoteguliwa, kwa kuwa inatuonyesha watu wa wakati ule waliliona jambo vipi. Udhaifu wake ni kwamba watu hushangilia vitu vingi. Huenda walishangilia simu nzima, au urembo wa mwendo wa picha, si hatua ya uvumbuzi.

Tatu, nani anaamua. London na Ujerumani majaji wenyewe walipima ushahidi. Marekani baraza la raia lilishaupima, na majaji 8 walisema kazi ya mahakama ya rufani si kuupima upya bali kuangalia kama baraza lilikuwa na ushahidi wa kutosha kufika lilipofika. Kwa hiyo uamuzi wa 2016 hausemi kwamba majaji wote 8 wangeamua hivyo wao wenyewe kama wangekaa San Jose.

Mimi naegemea London. Anayetelezesha kidole gizani anahitaji kuona kinachotokea, na kitelezi kilikuwa karibu mno kwa mbunifu yeyote. Wewe unaweza kuegemea upande mwingine usipoteze alama hata moja, mradi utaje tarehe ya ombi, useme mbunifu wa wakati ule alijua nini, na uonyeshe sababu iliyomfanya aunganishe au asiunganishe.

Jambo moja la pembeni: Septemba 2016, mwezi mmoja kabla ya ushindi wake wa kura 8, Apple yenyewe ilitoa toleo jipya la programu ya iPhone, iOS 10, na kutelezesha kidole ili kufungua simu kukaondolewa. Badala yake mtumiaji alibonyeza kitufe.

Swali la kujipima

Kampuni A inaomba hataza ya programu inayoifanya simu itoe mlio wa chini inapowekwa kifudifudi mezani. Kabla ya tarehe ya ombi, simu ya kampuni B ilikuwa ikizima mlio kabisa inapowekwa kifudifudi, na simu nyingi zilikuwa na sehemu ya kupunguza mlio. (a) Je, ombi la kampuni A linafaulu kigezo cha upya? Toa sababu. (alama 3) (b) Jadili hoja mbili za kuonyesha kwamba jambo hilo ni dhahiri, na hoja mbili za kuonyesha kwamba si dhahiri. (alama 8) (c) Ni ushahidi gani wa nje ambao kampuni A ingeutafuta ili kuimarisha upande wake, na kampuni B ingeupingaje? (alama 4)