Kihongwe Asiyesimama

Leo sungura apumzike, na fisi abaki huko huko porini na ulafi wake. Hadithi yangu ina punda, na inatokea Lamu, maana sijui mji mwingine wa pwani unaomtegemea punda kiasi kile. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno kwa gari. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, magunia ya unga, hata jokofu la bibi harusi, vyote hushushwa kutoka chomboni vikapanda mgongoni mwa punda. Ukisikia mtu anapaza sauti, "Simile! Simile!" jibanze ukutani haraka, punda huyo anapita na hana pa kukupishia.

Basi fumbeni macho mjione mko Lamu, mtaa wa Langoni, mwezi wa Juni. Kusi inavuma na mvua imenyesha tangu alasiri. Mjomba wenu ana punda jike mwenye mimba, na mimba yenyewe ameibeba mwaka mzima. Farasi huzaa baada ya miezi 11 hivi. Punda huchukua 12, na wengine hupitiliza. Kisha, baada ya kungoja kote huko, mtoto ni mmoja. Ndiyo maana biashara ya ngozi za punda iliposhamiri, punda wa Afrika walianza kupungua upesi kuliko wanavyozaana, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Lakini nisiwapeleke mbali. Turudi Langoni, maana mlango unagongwa.

"Amkeni, punda anazaa!"

Usiku wa manane ndio saa wanayoipenda, watu wakiwa wamelala na mitaa imetulia. Mnafika uani na tochi, mtoto keshatoka, yuko chini kwenye nyasi kavu, amelowa chapachapa. Tazameni pua kwanza. Ikiwa ngozi ile nyembamba aliyozaliwa nayo bado imezifunika, ichaneni kwa vidole mumpanguse ute apate kupumua. Kisha rudini nyuma. Kitovu msikikate kwa wembe wala msikifunge kwa uzi. Mama akiinuka, au mtoto akijifurukuta, kitakatika chenyewe pale panapotakiwa, karibu na tumbo. Kazi ya mtu ni kukichovya katika dawa ya kuua vijidudu aliyoiacha daktari, kwa sababu kitovu kibichi ni njia rahisi ya maradhi kuingia hadi kwenye damu.

Kabla mtoto hajaanza kukanyaga, mulikeni kwato zake. Nchani mtaona vinyama vyeupe, laini kama nyama ya dafu, vimening'inia kama vidole. Msishtuke, si ulemavu. Vimezifunika kwato zisimchane mama tumboni, na mtoto akitembea kidogo tu vinalika vyote.

Sasa mmoja wenu ashike saa. Huyo ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote usiku huu, ingawa ataonekana hafanyi kitu. Kihongwe, yaani mtoto wa punda, akiwa na afya husimama ndani ya saa moja tangu azaliwe. Ndani ya saa mbili awe amenyonya. Ndani ya saa tatu kondo la nyuma la mama yake liwe limetoka lenyewe, bila mtu kulivuta. Wafugaji wa farasi na punda duniani kote wanaikariri hesabu hiyo: moja, mbili, tatu.

Na huyu wetu, saa ya kwanza imepita, hajasimama. Anainua kichwa, kinaanguka. Miguu ya mbele anaikunjua, ya nyuma inamkatalia.

"Mjomba, hajanyonya."

"Mwacheni, kachoka. Atanyonya asubuhi."

Hapo ndipo vihongwe wengi wanapopotea, wanangu, katika neno hilo "asubuhi". Mjomba si mtu mbaya, bali anamfikiria mtoto wa binadamu, na mtoto wa punda hakuumbwa vile. Mtoto wa binadamu huzaliwa tayari ana kingamwili alizopewa na mama yake wakati yumo tumboni. Kihongwe hana. Kondo la punda, kama la farasi na la ng'ombe, halipitishi kingamwili hizo, askari wa mwili. Anazaliwa mtupu, katikati ya samadi na matope na nzi, na silaha zake zote zimo katika dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito yenye rangi ya manjano. Na utumbo wake una uwezo wa kuzipokea silaha hizo zikiwa nzima kwa muda mfupi tu. Saa sita hadi nane za mwanzo ndizo bora, kisha uwezo unapungua, na siku moja ikipita umekwisha. Akinywa dang'a kesho kutwa atashiba, lakini hatakingwa.

Jambo la pili: kihongwe hana akiba. Mwilini hana mafuta ya kutosha, wala sukari ya kumfikisha mbali. Asiponyonya kwa saa chache anaishiwa nguvu, na akiishiwa nguvu hawezi kunyonya, na asiponyonya anazidi kuishiwa. Huo ndio mduara tunaotaka kuukata usiku huu.

Kwa hiyo simu kwanza. Lamu wana bahati, kwa kuwa kliniki ya punda ilifunguliwa pale mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, kuwatibu punda bila malipo. Kwingineko mtampigia daktari wa mifugo wa wilaya. Msimwambie tu "punda wetu mgonjwa." Mwambieni amezaliwa saa ngapi, amesimama au hajasimama, amenyonya au hajanyonya. Mkiwa na kipimajoto, mpimeni: kihongwe mzima huwa na nyuzi 37.2 hadi 38.9. Hesabuni mbavu zake zinapanda mara ngapi kwa dakika moja. Daktari mwenye taarifa hizo anajua afungashe nini kabla hajatoka nyumbani.

Wakati mnamngoja, mpasheni joto. Manyoya ya punda hayazuii maji vizuri, na kihongwe aliyelowa katika upepo wa kusi hupoa hata kama sisi tunatoka jasho. Mtieni kidole kisafi mdomoni. Mdomo ukiwa wa vuguvugu na akakifyonza kidole kwa nguvu, mshukuruni Mungu. Ukiwa wa baridi na ulimi umelala tu, kazi ipo. Mkausheni kwa kanga kuukuu, mmsugue mwili mzima, mumtandikie nyasi kavu mahali pasipo upepo, mumfunike blanketi. Chupa za maji ya moto ziviringishiwe nguo kwanza, ndipo ziwekwe pembeni yake. Motoni msimsogeze. Apate joto polepole.

Asilazwe ubavu mmoja akasahauliwa. Mkalisheni kifudifudi, kifua chini na miguu imekunjwa, mkimwegemeza kwa gunia lililojazwa nyasi. Akilala ubavu, pafu la chini hubanwa likashindwa kujaa hewa. Kila baada ya saa mbili mgeuzeni upande, asije akatoka vidonda.

Majirani nao watakuja, na kila mmoja na dawa yake. Huyu ana samli, yule ana chai ya tangawizi, wa tatu kaleta asali. Pokeeni kwa heshima, semeni ahsante, na vyote viwekeni jikoni. Kihongwe anataka maziwa ya mama yake tu.

Mama akikubali kuguswa, mtu aliyezoeana naye amkamue dang'a katika kikombe kisafi kilichochemshwa. Mtoto akiwa amepata joto na anafyonza kidole, anaweza kupewa kwa chupa yenye chuchu ya mpira. Hapa nisikilizeni vizuri kuliko popote. Awe amesimama, au amekaa kifudifudi, na kichwa kiwe usawa ule ule angekiweka akinyonya kwa mama, shingo mbele. Msimlaze chali mkambembeleza mapajani, msimwinue kidevu juu, na asiyefyonza msimmiminie kamwe. Maziwa yataingia mapafuni, na kichomi cha namna hiyo kinaua hata yule ambaye angepona. Asiyeweza kufyonza hulishwa na daktari, kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni.

Daktari kaingia. "Shikamoo, daktari." "Marahaba, wanangu. Nani ana saa?" Anamfunua mtoto ufizi kuangalia rangi: waridi ni nzuri, nyekundu iliyoiva sana au yenye vidoa ni ishara kwamba maradhi yameshaingia kwenye damu. Anasikiliza moyo. Anabonyeza mbavu taratibu, kwani huweza kuvunjika wakati wa kuzaliwa. Pengine atamtundikia dripu yenye glukosi na kumdunga antibayotiki. Baadaye anaweza kupima damu kuona kama dang'a ilifika kwa wakati, na ikiwa haikutosha, mtoto hutiwa kwenye mshipa utegili wa damu ya mnyama mzima, wenye kingamwili ndani yake.

Kisha atawapigia hesabu. Kihongwe wa kilo 12 aliye mgonjwa huanza na maziwa ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku, yaani lita 1 na mililita 200. Gawanyeni kwa mara 12, kila saa mbili, usiku na mchana. Mnapata mililita 100 kila mara, kama nusu gilasi. Akizoea, ataongezewa. Mama akiwa hana maziwa, maziwa ya mbuzi yanaweza kusaidia kwa kipimo cha daktari. Ya ng'ombe yana mafuta mengi na sukari kidogo kuliko ya punda. Na msiongeze sukari ya chai, kwa kuwa tumbo la kihongwe mchanga haliwezi kuimeng'enya.

Wapo wengine ambao hawaumwi hivi, bali wanakuwa kama hawajaamka. Wanasimama, wanazunguka uani, wanalamba ukuta, mama wanampita kana kwamba hawamjui. Hali hiyo inajulikana zaidi kwa watoto wa farasi. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, daktari John Madigan na wenzake walilichunguza jambo hili. Mtoto akiwa tumboni, walieleza, ubongo wake hutulizwa na kemikali asije akapiga mateke na kumuumiza mama. Kule kubanwa wakati wa kuzaliwa ndiko kunakomwambia aamke. Wengine hawaisikii amri hiyo. Basi Madigan akawazungushia kamba laini kifuani, akaikaza kiasi kwa dakika 20 hivi. Mtoto hulala pale pale, usingizi mzito. Kamba ikilegezwa, baadhi yao huinuka wakamtafuta mama kana kwamba wamezaliwa upya. Na nyinyi mliokwisha kuitafuta kamba kwa macho, tulieni! Hiyo ni kazi ya daktari aliyejifunza. Mbavu zikiwa zimevunjika, kamba hiyo hiyo itaua.

Kuna kitu kingine cha kuangalia, nanyi mtacheka, lakini chekeni mkiangalia: choo. Choo cha kwanza cha kihongwe ni cheusi au kahawia iliyokoza, kigumu, nacho kinatakiwa kitoke siku ile ile. Akijikamua, akipandisha mkia na kuupunga, akikunja mgongo na hakuna kinachotoka, amefunga. Daktari atampiga bomba la maji ya vuguvugu. Kikija choo laini cha manjano, hicho ni cha maziwa, na ni habari njema.

Alfajiri imeingia, muadhini ameadhini, na mtoto amesimama kwa miguu inayotetemeka. Msiseme amepona. Kitazameni kiwele cha mama. Kikiwa kimejaa, kinadondoka, na paji la uso la mtoto lina maziwa yaliyokauka, basi anasimama chini ya chuchu bila kunyonya, na maziwa yanammiminikia usoni. Kiwele kilicholegea ndicho kinachosema kweli. Mama mwenyewe msimtenge na mtoto hata kwa matibabu, atamkataa au ataacha kula kwa huzuni, na punda aliyeacha kula huugua vibaya. Kwa wiki kadhaa za mwanzo mpapaseni mtoto magoti na vifundo kila siku. Kiungo kikivimba na kupata moto, au akianza kuchechemea, msidhani amepigwa teke. Huenda ni vijidudu vilivyopitia kitovuni, na daktari anatakiwa arudi siku hiyo hiyo.

Wapo wanaokufa hata baada ya yote haya. Ikitokea hivyo, mwacheni mama akae na mwili kwa muda, aunuse, aelewe. Punda aliyenyang'anywa mtoto ghafla huzunguka akilia na kumtafuta.

Huyu wetu, kwa kuwa hadithi ni yangu, ameishi. Atanyonya miezi sita na zaidi, atacheza mbio vichochoroni na kuwaangushia watu makapu. Atakuwa na mwili mkubwa kabla hajakomaa, na hapo mjomba ataanza kumtupia jicho akiwaza mchanga wa ujenzi. Mwambieni kwa adabu kwamba mifupa ya punda haikomai mpaka afike miaka minne hivi. Asiposikia, mpelekeni kwa daktari yule yule aliyeamka usiku wa manane.